Mkuu unayehamia Njombe, hilo jiko la mkaa usithubutu kulala nalo

Mkuu, umeuliza mambo mengi: nguo za kubeba, kodi ya nyumba, shule ya mtoto, maharage kutoiva. Mimi nimekwama kwenye kale kamstari ulikokachomeka katikati kama utani, kwamba baridi huna wasiwasi nayo kwa sababu umeambiwa "mkaa ukishashika vizuri unaingiza jiko chumbani, unalala raha mustarehe." Nani kakuambia? Kama ni yule yule aliyeniambia mimi, basi jamaa bado yuko kazini.

Mimi mtoto wa Tanga. Baridi niliyokuwa naijua ni ya feni ikiwekwa namba tano. Uhamisho ukanikuta 2017, nikashuka Njombe Juni, kipupwe ndiyo kwanza kinakunja mikono ya shati. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Kuanzia Makambako nilikuwa ndani ya mashati matatu na kondakta ananicheka waziwazi.

Kosa langu lilianzia kwenye nyumba. Nilitaka isiyopitisha upepo na nikaongeza hela nikaipata: madirisha ya alumini, dari ya jipsamu, mlango unagusa sakafu. Dalali akaniapia kwamba humo hata nzi haingii. Hakudanganya. Hata hewa ilikuwa haiingii.

Sasa kazini kulikuwa na mtu wa pwani mwenzangu, ana miaka miwili pale, akajipa uprofesa wa baridi. Akanifundisha: adui ni moshi. Washia nje, pepea mpaka mkaa uwe mwekundu wote, usibaki na ncha nyeusi hata moja, ndipo uingize ndani. "Mbona mimi nalala nalo kila siku?" Nikaona huyu ndiye ndugu. Nikamnunulia na soda juu.

Jumamosi hiyo nikafuata mafunzo yote. Jiko likashika barazani, jekundu, safi, moshi hakuna. Nikaliweka chini ya dirisha. Halafu nikaongeza utaalamu wangu mwenyewe: ule uwazi mwembamba chini ya mlango nikauziba kwa kanga ya mke wangu, nikaisokomeza kwa mpini wa kijiko mpaka ikakaa sawasawa. Nakumbuka nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama kazi yangu nikaridhika.

Saa nane usiku kichwa kinanigonga kama kinu. Mama watoto naye kichwa, na tumbo linamchafuka. Nikasema labda malaria tumekuja nayo kutoka Tanga. Halafu nikajirekebisha, nikasema hapana, ni huu mwinuko, tutazoea. Tukameza Panadol mbili mbili tukarudi kulala. Narudia, mkuu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia: tulimeza dawa tukarudi kulala chumba kile kile, jiko lile lile.

Kilichotuokoa ni kichefuchefu. Mke wangu aliinuka kutapika, akaanguka juu ya beseni, kelele ikaniamsha. Nataka kusimama, miguu si yangu. Mtoto, wakati huo ana miaka mitatu, namwita haitiki, namwinua shingo inalegea. Nikamburuta kwa kutambaa mpaka mlangoni. Mlango haufunguki. Unajua kwa nini? Kanga. Nilivyoisokomeza vile kwa ufundi, imejikunja chini ya mlango imekuwa kabari. Nimekaa pale gizani nang'oa kanga kwa kucha, uzi mmoja mmoja, huku nasinzia. Mpaka leo mke wangu akivaa kanga ya rangi ile naomba abadilishe.

Tulipotoka uani mama mwenye nyumba alishasikia vurugu. Mama mtu mzima, Mbena wa pale pale. Hakuuliza kitu. Alituangalia tulivyolala kwenye nyasi, akaingia ndani moja kwa moja, akatoka na jiko akalitupa uani. Ndipo akasema: "Mwanangu, jiko halilazwi na watu. Hata kuku hatuwalazi nalo."

Hospitali daktari naye aliuliza kabla sijafungua mdomo, "Mlilala na jiko?" Tukawekewa oksijeni mpaka asubuhi. Mtoto akaanza kulia kukipambazuka. Yuko salama, sasa hivi ananishinda hesabu. Mimi kichwa kilikuwa kizito karibu wiki mbili, nikasahau mpaka namba ya siri ya benki. Mke wangu anashikilia kwamba hiyo ilikuwa hila tu.

Na cha aibu zaidi: kaboni monoksaidi niliisoma shule. Haina rangi, haina harufu, inajishika kwenye himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka lakini haina ilichobeba. Nilikuwa naimba hivyo hivyo darasani. Hakuna aliyeniambia kwamba inakaa kwenye jiko la mama. Ule wekundu unaousifu ndio wenyewe: moshi ukiisha gesi haijaisha, ila kilichokuwa kinakukoholesha ukakimbia ndicho kimeondoka. Na huko juu hewa ni nyepesi, oksijeni uliyonayo haina akiba ya kugawana.

Jumatatu namfuata profesa. Namsimulia, anasikiliza, halafu ananiuliza, "Kumbe uliziba?" Jioni nikapita kwake makusudi. Nyumba ya zamani, haina dari, kati ya ukuta na bati paka anapita na mkia umesimama. Miaka miwili yule bwana anaokolewa na upepo, sifa anazipeleka kwa jiko! Na hakuwa na nia mbaya, ndicho kinachoniudhi, nakosa hata mtu wa kumchukia vizuri.

Kuna mchangiaji hapo juu kakushauri uache dirisha wazi kidogo. Kidogo kiasi gani, mkuu? Saa tisa baridi ikizidi, shemeji ataamka na usingizi wake atalifunga, na asubuhi hakutakuwa na wa kumlaumu. Hapana. Jiko linatoka nje kabla ya mtu wa kwanza kupanda kitandani. Si likipoa, si ukilifunika majivu, maana hata chini ya majivu linaendelea kutoa. Linatoka. Mkitaka kuota moto, oteni jikoni jioni, mlango wazi, mkiwa macho. Na mkiamka siku yoyote nyumba nzima inaumwa kichwa kwa pamoja, msitafute Panadol, tokeni nje kwanza, kisha hospitali.

Joto la kitandani lipo bila mkaa. Mimi nilikuwa najirundikia mablanketi juu huku baridi inanipanda kutokea chini. Blanketi moja zito litandike chini ya shuka utaona tofauti usiku huo huo. Kofia ya sufu kwa mtoto, soksi, na ule mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto, uvishe soksi nao usije ukamuunguza. Makoti usinunue huko uliko, mitumba ya makoti utaikuta sokoni Njombe kwenyewe, na wauzaji wa kule wanajua koti ni nini.

Maharage loweka tangu usiku. Maji huko juu yanachemka mapema, kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana yanachelewa kuiva; usigombane na mkeo.

Shule na kodi watakujibu wengine. Ila umesema umeshatumiwa picha za nyumba. Nijibu hilo moja kabla hujalipa: ina jipsamu, au kati ya ukuta na bati panaonekana mwanga?