Ukinunua waini ya pwani ya Provence usiangalie rangi, uliza zabibu

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa sita simu yangu inajaa meseji, dada nashuka kusini mwa Ufaransa wiki ijayo ninunue waini gani, dada kuna rafiki yangu anatoka huko Marseille nimwagize ipi, na mimi najibu mmoja mmoja mpaka nachoka, kwahiyo leo nimekaa niyaandike yote sehemu moja. Nakaa Marseille, hapa hapa pwani ya Provence, mwaka wa tisa huu. Kabla ya hapo nimekulia Dodoma, baba ana ekari mbili za zabibu upande wa Hombolo, nimevuna zabibu tangu niko shule ya msingi na najua uchungu wa mkulima ambaye mzigo umeiva na mnunuzi haonekani. Lakini pamoja na yote hayo nilipofika huku nilikosea, na sitaki na nyie mpoteze hela kama nilivyopoteza mimi.

Kosa lenyewe lilikuwa Bandol nyekundu. Bandol ni mji mdogo wa baharini, ukitoka Marseille kuelekea Toulon unaupita, na waini yake nyekundu ndio inayoheshimika kuliko zote kwenye pwani hii. Nilikuwa na wageni, nimepika pilau ya mbuzi, nikasema leo siweki chupa ya bei chee mezani, nikaenda supamaketi nikachukua Bandol ya euro 20 na kitu, haina hata miaka mitatu, nikaifungua watu wameshashika vijiko. Ukakasi ule jamani! Mdomo ulikauka kama umetafuna bibo bichi, shemeji yangu akaisogeza glasi pembeni taratibu akaomba soda, na mimi usiku mzima nikawa najiuliza hivi wenzetu wanaisifia nini hii.

Waini haikuwa na shida, shida ni kwamba niliifungua mapema mno na nilikuwa siijui zabibu iliyomo ndani. Inaitwa Mourvèdre, na kwa sheria ya Bandol waini nyekundu lazima iwe na Mourvèdre nusu au zaidi, alafu ikae kwenye mapipa ya mbao miezi 18 kabla haijaingia kwenye chupa. Ni zabibu ndogo, nyeusi, ganda lake nene, na ukakasi wote ule unatoka kwenye ganda na mbegu. Ukiipa muda unalainika, unabaki ule utamu wa matunda meusi na harufu ya ngozi na majani makavu ya porini, ila muda wenyewe ni miaka, sio wiki.

Hili nililielewa mwaka uliofuata nilipoenda kuvuna. Mashamba mengi huku yanachukua vibarua mwezi wa tisa, na Bandol ni lazima uvune kwa mkono, mashine hairuhusiwi, kwahiyo kazi ipo. Mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyozungushiwa kuta za mawe, wenyewe wanaziita restanques, na bahari unaiona pale chini muda wote. Unapewa mkasi na kreti, unainama, unashika kichala kwa chini, unakata, unaondoa punje zilizooza, unaweka, hatua moja mbele. Kichala cha Mourvèdre kimebanana punje kwa punje, mpaka kidole hakipiti, na siku hiyo ulikuwa unavuma ule upepo wa kaskazini wanaouita mistral, unapiga mpaka kofia haikai kichwani. Nikawa nalalamika, mzee mwenye shamba akaniambia usiuchukie huo, huo ndio dawa yetu, unakausha umande kwenye vichala, fangasi hapati pa kukaa. Nikakumbuka baba na mabomba ya kupulizia dawa kipindi cha mvua Dodoma, nikanyamaza.

Mzee huyo ndio alinifundisha pia msemo wao wa Provence kwamba Mourvèdre inataka miguu kwenye maji na kichwa kwenye jua. Inachelewa kuiva kuliko zote, wenzake kina Grenache na Cinsault wameshavunwa yenyewe bado ipo mtini inaota jua, ndio maana inapenda pale karibu na bahari ambapo joto halikatiki ghafla. Na kuna kipindi ilikaribia kupotea kabisa. Ule mdudu wa phylloxera aliyekula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa karne ya 19 alipopita, wakulima wengi walivyopanda upya waliikimbia kwa sababu inazaa kidogo, wakapanda zinazojaza mapipa haraka. Waliokuja kuirudisha ni wakulima wachache wabishi, maarufu zaidi ni Lucien Peyraud wa Domaine Tempier, na Bandol ikapata hati yake ya AOC, yaani jina la eneo linalolindwa kisheria, mwaka 1941. Mpaka leo hekta moja hairuhusiwi kutoa zaidi ya hektolita 40, yaani lita 4,000. Mkulima wa Dodoma anayepima maisha yake kwa kilo ataona hii ni wazimu, lakini ndio bei ya chupa inapotokea hapo.

Mchana tukakaa kula chini ya mti, mzee akaleta chupa ya miaka kumi na moja. Jina lile lile, Bandol, na zabibu ile ile iliyomfanya shemeji aombe soda. Sikuweza kuongea kwa muda.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo, Bandol nyekundu usiinunue kwa ajili ya leo usiku. Angalia mwaka kwenye lebo, kama haijafika miaka 6 au 7 iweke, ilaze, sehemu yenye giza na isiyo na joto, usiiweke juu ya friji kama nilivyoona kwa watu wengi maana pale juu kuna joto na mtetemo. Ukilazimika kuifungua changa basi imimine kwenye jagi masaa mawili kabla ya chakula, na iwe na nyama yenye mafuta, mbuzi, kondoo, mafuta yanaupunguza ukakasi. Na isiwe ya moto, ile kusema waini nyekundu inanyweka kwa joto la chumbani sio chumba cha Dar mwezi wa pili, iweke kwenye friji nusu saa kwanza.

Sasa tuje kwenye roze, maana najua wengi ndio mnaitaka. Provence karibu waini yote inayotoka ni roze, na saivi fasheni ni ile iliyopauka kabisa, pinki ya mbali, watu wanadhani ikipauka ndio bora. Sio kweli. Juisi ya zabibu nyeusi hizi ndani ni nyeupe, rangi iko kwenye ganda, ukikamua haraka unapata rangi hafifu, ukiacha maganda yalale na juisi masaa kadhaa rangi inakolea. Basi, ni hicho tu. Wala sio waini nyekundu iliyochanganywa na nyeupe, hiyo imekatazwa. Rangi inakwambia tu maganda yalilala muda gani, haikwambii kama zabibu zilikuwa nzuri, na mimi nimekunywa za kupauka ambazo ni kama maji yaliyopitishiwa ndimu.

Cha kuangalia ni maneno kwenye lebo. Mis en bouteille au domaine, ama mis en bouteille au château, maana yake imejazwa kwenye chupa hapo hapo shambani, mtu anajua zabibu zake. Ukiona imeandikwa IGP Méditerranée tu, hiyo inatoka eneo kubwa sana, bei ni ndogo na inafaa kwa shughuli ya watu wengi lakini usilipe hela ya Côtes de Provence, ambayo ina hati ya AOC. Chukua ya mwaka jana, roze za kawaida hazina faida ya kuzeeka, isipokuwa za Bandol ambazo zina Mourvèdre ndani na zinavumilia. Na jambo ambalo wauza maduka hawalisemi, chupa ya roze ni ya kioo cheupe ili uione rangi, na mwanga unaiharibu waini, inapata harufu kama kabeji iliyochemka. Usikubali ile iliyokaa dirishani, omba ya kwenye boksi.

Kwa samaki mimi siendi kwenye roze, naenda Cassis. Ni kijiji cha wavuvi pembeni kidogo tu ya Marseille, mizabibu iko chini ya jabali la Cap Canaille, na ilikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa kupewa AOC mwaka 1936. Waini yao nyingi ni nyeupe, zabibu ni Marsanne na Clairette, nzito kidogo, ina kachumvi fulani hivi mwishoni. Samaki wa nazi na Cassis, naapa, jaribuni. Ila tamka Kasi, ukisema Kasis kwa kuibana ile s utaletewa sharubati ya kilevi yenye rangi ya zambarau iliyokolea, kitu kingine kabisa. Ukiikosa tafuta nyeupe ya zabibu ya Rolle, ambayo ndio hiyo hiyo Vermentino ya Italia, na uchachu wake unaenda vizuri na pweza.

Kwa mlioko Dar na Nairobi ambako Bandol haipatikani kirahisi, tafuteni chupa ya Hispania iliyoandikwa Monastrell, ndio Mourvèdre kwa jina la kule, na bei yake ni ya kibinadamu. Na ile Pinotage ya Afrika Kusini mnayoinywa kila siku mjue ni mtoto wa Cinsault ya huku kwetu, profesa Abraham Perold aliichavusha na Pinot Noir mwaka 1925 kule Stellenbosch.

Likizo iliyopita nilimpelekea baba chupa moja ya Bandol, imefikisha miaka tisa, nimeifunga katikati ya nguo. Yeye maisha yake yote anauza zabibu au mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda, waini ya kwenye chupa hainunui. Akanusa kwanza, muda mrefu, akaonja, akauliza huko mnavuna mara ngapi kwa mwaka, maana Dodoma tunavuna mara mbili. Nikamwambia moja tu baba, na inachelewa. Akainyanyua glasi akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akamwita mama aje nimmiminie na yeye.