Kulia mbele ya hadithi ya kubuni

Najua fika kwamba aliyekufa kwenye filamu ni mwigizaji tu. Mbona nalia?

Kwa sababu shaka umeiweka kando mwenyewe. Mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge aliandika mwaka 1817 kwamba msomaji husitisha shaka yake kwa hiari, kwa kitambo, na hali hiyo akaiita imani ya kishairi. Neno zito hapo ni hiari. Hakuna aliyekudanganya, na machozi ni yako.

Miujiza ya kwenye filamu huniudhi, naona ufundi tu. Nifanyeje?

Tafuta Ordet, filamu ya mwongozaji Mdenmaki Carl Dreyer, ya mwaka 1955. Kwa karibu saa mbili unakaa na familia ya wakulima wa Denmark: wanakunywa kahawa, wanabishana na jirani kuhusu nani ana imani iliyo sahihi. Kisha Inger, mke wa mwana mkubwa wa familia hiyo, anafariki baada ya uzazi mgumu. Yumo ndani ya jeneza, mikono imefumbatana. Binti yake mdogo anamshika mkono ami yake, yule aliyeonwa na wote kuwa mwendawazimu, na kumhimiza amwite mama. Anamwita. Hakuna radi, hakuna mwanga wa ajabu. Ile mikono inaanza kusogea.

Nikifika hapo siulizi walifanyaje. Upole wote ule wa mwanzo ulikuwa unanifundisha kungoja, na anayengoja kwa moyo wote ameshaanza kuomba.

Mimi ni Mwislamu. Filamu itamsimuliaje Mtume (S.A.W.) bila kumwonyesha?

Mwongozaji Moustapha Akkad alijaribu katika filamu The Message, mwaka 1976. Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Wahusika huielekea kamera wanapozungumza naye, na wengine huyarudia maneno yake. Mimi naona heshima hiyo imeipa filamu nguvu. Unamjua kwa nyuso za wanaomtazama.

Je, asiyeamini anaweza kutengeneza filamu ya kunijenga kiroho?

Anaweza. Mwongozaji Mwitaliano Pasolini, mfuasi wa Marx asiyeamini Mungu, aliigeuza Injili ya Mathayo kuwa filamu mwaka 1964. Maria wa uzeeni aliigizwa na mama mzazi wa Pasolini. Mtazame chini ya msalaba, miguu inavyomwishia nguvu. Mwaka 1995 Vatikani iliitia filamu hiyo katika orodha yake ya filamu 45 bora.

Basi filamu yaweza kuchukua nafasi ya ibada?

Hapana. Filamu ikiisha haikudai kitu. Ibada itakuuliza kesho umemtendeaje jirani yako.