Kabla hujamfundisha Mchina Kiingereza, kaa kwanza ufanye pepa yake

134 kati ya 150, Kiingereza cha Gaokao, ule mtihani wa China wa kuingia chuo kikuu. Nilikuwa kwenye daladala natokea Mbezi, nimesimama, mkono mmoja juu kwenye bomba, WeChat ikalia, kufungua nakuta skrinishoti ya matokeo na chini yake neno moja tu, "Jiejie!", yaani dada mkubwa. Nililia palepale jamani. Konda akaniuliza sista vipi, nikamwambia mdogo wangu kafaulu, akasema hongera sana. Na kweli ni mdogo wangu, hata kama yeye ni mtoto wa Yiwu, China, na mimi ni mtu wa Morogoro.

Wiki hiyohiyo kuna msomaji kaniandikia inboksi: dada, nimepata skolashipu ya masters China naondoka mwezi wa tisa, nasikia kule kuna hela ya kufundisha Kiingereza watoto wa sekondari, Kiingereza changu kiko vizuri, niende na vitabu gani? Meseji nimeisoma mara tatu. Hayo maneno "Kiingereza changu kiko vizuri" ndo maneno niliyoondoka nayo na mimi, nikaja kuyajutia, kwa hiyo leo naandika kwa urefu, mnivumilie.

La sheria nilimalize haraka. Viza ya masomo siyo viza ya kazi, bila kibali hutakiwi kufanya kazi ya kulipwa, na kibali cha kufundisha Kiingereza kwa kawaida wanampa mtu wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha mama. Mimi sikuambiwa na mtu. Mwaka wa kwanza nikaenda kwenye kituo kimoja cha tuisheni, kwenye simu walinichangamkia kweli, nimefika nimevaa vizuri na vyeti vyangu kwenye bahasha, yule dada akaniangalia, akaingia ndani, akarudi akasema wazazi wanataka mtu ambaye Kiingereza amezaliwa nacho. Hajanifungulia hata bahasha. Sheria ni sheria, sina ugomvi nayo, lakini vile alivyoniangalia bado kunaniuma mpaka leo, niseme ukweli.

Sasa Yiwu. Watu wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa Yiwu ni wapi, kwa wengine ni mji wa China wenye soko kubwa la bidhaa za jumla. Mimi nilikuwa nasoma Jinhua, hapo jirani tu kwa treni, na mama yangu mkubwa alikuwa anakuja kufunga mzigo, namsindikiza soko la Futian namtafsiria. Kuna duka la vibanio vya nywele tulilizoea, mwenye duka nikawa namwita ayi, kama wewe unavyomwita mtu mama mdogo. Binti yake alikuwa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, yuko bweni, nyumbani anaonekana Jumapili tu. Ayi akaniomba niwe nakaa naye Jumapili mchana. Hela hakuna, ni chakula cha mchana na upendo, basi.

Nikaanza na mbwembwe zote. Nikasema grama inaboa, hawa watoto wanakaririshwa sana, mi nitamfanya aongee! Miezi miwili tunapiga stori, muziki, vyakula, matamshi, binti akachangamka kabisa. Halafu mtihani wa mwezi ukaja, akatoka 108 akashuka 99.

Ayi hakunigombeza. Aliitandaza ile pepa juu ya meza ya duka, akasogeza vibanio pembeni, akaweka kidole kwenye sehemu yenye wino mwekundu mwingi, akasema, "Laoshi, sasa anaongea vizuri. Lakini hii?" Mara ya kwanza maishani nimeitwa mwalimu nikatamani ningeitwa kitu kingine.

Nikamwambia binti nipe pepa safi ambayo hujaifanya. Nikaweka saa, nikaacha sehemu ya kusikiliza na ya insha, zilizobaki zina maksi 80. Yeye ndo alisahihisha, taratibu, na peni yake nyekundu. Nilipata 60.5. Kwenye ile hadithi yenye mapengo 15 nilipata 9. Mimi, niliyesoma sekondari yote kwa Kiingereza, na digrii, na niko kwenye masters!

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndo huo, na pengine ndo wote: fanya pepa. Fanya pepa mwenyewe kabla hujafungua mdomo kufundisha.

Pepa yenyewe iko hivi. Masaa mawili, maksi 150: kusikiliza 30, kusoma 50, matumizi ya lugha 30, kuandika 40. Gaokao yote kule Zhejiang, jimbo la Yiwu na Jinhua, ni 750, kwa hiyo Kiingereza peke yake ni moja ya tano, sawa na Hesabu, sawa na Kichina chao wenyewe. Mwaka 2024 waliojiandikisha nchi nzima walikuwa milioni 13.42. Fikiria hilo foleni. Zhejiang wana nafuu moja, Kiingereza wanafanya mara mbili, Januari na Juni, wanachukua maksi iliyo juu.

Sehemu ya grama hawaulizi kanuni hata moja. Unapewa habari fupi, mara nyingi ya utamaduni wao, ya 2023 ilikuwa ya xiaolongbao, zile dampling zenye supu ndani, na ina mapengo 10. Mengine umewekewa neno ulibadilishe, kwa mfano kwenye habari ya chai umepewa "grow" unatakiwa ujue hapo inakaa "has been grown" kwa sababu chai imelimwa na watu kwa miaka mingi na bado inalimwa. Mengine ni tupu kabisa, humo inakaa "the" au "a" au "which" au kihusishi fulani. Na hapo kwenye "the" na "a" ndo mimi na binti tulikuwa tunaanguka pamoja, pengo lilelile, kosa lilelile.

Nikakaa nikajiuliza kwa nini. Kiswahili hatuna "the". Kichina nao hawana. Sisi tunasema "yeye" kwa mwanamke na mwanaume, wao wanatamka "ta" kwa wote wawili, ndo maana binti alikuwa ananisimulia habari za baba yake anasema "she", na mimi darasani kidato cha kwanza nilipigwa fimbo kwa kosa hilohilo. Hapo ndo niliposimama sawasawa. Yule dada wa kituo alikuwa anatafuta mtu aliyezaliwa na Kiingereza, lakini aliyezaliwa nacho hajui "the" inauma wapi, hajawahi kuitafuta, anayo tu kama anavyopumua. Mimi nilitoka shule ya msingi ya Kiswahili nikaingizwa kidato cha kwanza kila somo Kiingereza, kila neno nililipata kwa jasho na najua nililipata wapi. Hiyo ndo mali yako wewe unayeondoka mwezi wa tisa. Usiifiche.

Lakini kwenye nyakati za vitendo tuko mbele yao. Kichina kitendo hakibadiliki, anasema "mimi kula jana", "mimi kula kesho". Sisi tuna -li-, -na-, -me-, -ta-. Nilimchorea: alikula, anakula, amekula. Hiyo "amekula" ilimfungua macho, kwamba kitendo kimeisha ila tumbo bado limejaa. Tangu siku hiyo akiona "has" kwenye sentensi ananiambia "tumbo limejaa, jiejie".

Msamiati. Watoto wote wa kule wana kitabu cha maneno, wanasema 3500, kimepangwa kwa alfabeti, mwanzoni tu unakutana na "abandon", na alfajiri wanasimama wanayasoma kwa sauti darasa zima. Binti aliyajua. Shida ni kwamba pepa haikuulizi neno maana yake nini, inakuletea neno unalolijua likiwa limevaa nguo nyingine. Alikuta "weather" akaandika hali ya hewa, kumbe hapo ni kitendo, kuvumilia kitu mpaka kipite. "Address" akasema anwani, kumbe ni kulishughulikia tatizo. Nikamwambia sisi tuna neno paa. Paa la nyumba, paa wa porini, ndege anapaa, na samaki unampaa magamba. Utajuaje ni lipi? Unaangalia lililokaa nalo jirani. Tukaacha kitabu cha alfabeti, tukawa na daftari la "paa", neno halina ruhusa ya kuingia humo bila sentensi yake nzima. Msomaji wangu, uliniuliza niende na vitabu gani. Nenda na daftari tupu.

Lile la mapengo 15 nalo lina siri moja. Machaguo yote manne ni sahihi kwa grama, kwa hiyo grama haikusaidii. Mimi nilichagua kwamba mzee alifungua barua kwa furaha, kwa sababu mtu akipata barua anafurahi, kumbe sentensi tatu mbele mikono inamtetemeka na anakaa chini. Jibu lilikuwa mbele na mimi nilikuwa na haraka. Soma yote mpaka mwisho kwanza, usijaze kitu. Nasema tena, usijaze kitu. Kwenye ufahamu ni vilevile, wakikuuliza kichwa cha habari kinachofaa, kimoja kitakuwa kipana mno, kimoja kitashika aya moja tu, na vyote viwili vina maneno yaliyomo kwenye habari ili vikuvute.

Oktoba mpaka Desemba ni pepa juu ya pepa, sitawachosha. Januari akapata 121. Ayi alinipikia samaki.

Maksi zilizobaki zilikuwa kwenye kuandika. Kuna barua fupi ya kama maneno 80 ambayo mtahiniwa mara nyingi anaambiwa wewe ni Li Hua, jina ambalo kila Mchina aliyesoma analijua. Na kuna kubwa ya maksi 25, Zhejiang ndo walianza nayo mwaka 2016: unapewa hadithi iliyokatwa, unapewa sentensi ya kuanzia aya mbili, uimalizie kwa kama maneno 150. Binti alikuwa amekaririshwa machozi. Kila hadithi yake mtu analia, moyo unadunda, jua linazama. Nikamwambia rudi kwenye hadithi, ni vitu gani mwandishi ameviacha mezani? Simu? Tabasamu? Mvua? Vitumie hivyo. Na andika kwa herufi safi zilizoachana, karatasi inaskaniwa, mwalimu anaisoma kwenye kioo cha kompyuta na nyuma yake kuna rundo.

Hapa niseme na Watanzania wenzangu, mniwie radhi. Tuna kasumba ya kupima Kiingereza cha mtu kwa mdomo. Mchina akishindwa kuagiza chai tunasema hajui kitu, na mimi nilisema hivyo. Mtoto yuleyule anasoma makala ya sayansi ya ukurasa mzima, anakuambia mwandishi anaunga mkono au anapinga, na anakuonyesha mstari. Wangapi kati yetu tunaweza? Tuache dharau. Mtihani wao una ubaya wake, nimemwona binti akisinzia na kijiko mdomoni, lakini unamlazimisha mtu asome kweli, na mtu anayetaka kuwasaidia lazima asome kweli na yeye. Somo lisilokuaibisha kidogo hujalianza.

Mwezi wa sita tarehe 8, siku ya Kiingereza cha Gaokao, saa tisa mchana kwa saa zao, mimi nimesharudi nyumbani, nimekaa tu siwezi kula. Jioni akanipigia. Hadithi ilikuwa ya msafiri ambaye ndege yake ilichelewa kufika Vienna, dereva taksi anaitwa Gunter akahangaika mpaka akamfikisha stendi dakika mbili kabla ya basi la mwisho la Prague, halafu msafiri hana keshi, kadi inagoma, anakimbilia ATM nayo mbovu. Malizia.

Nikamuuliza uliandikaje? Akasema jiejie, nilimkumbuka mama yako mkubwa. Kuna safari mama mkubwa alipungukiwa hela na kontena linafungwa, ayi akampa maboksi matatu ya vibanio kwa mali kauli, hamna karatasi hamna sahihi, na mama mkubwa alilipa yote. Binti siku hiyo alikuwa nyuma ya meza anafanya homework, mimi hata sikujua kama anasikiliza. Kwa hiyo Gunter wake hakulia na msafiri hakulia. Gunter alitoa ile simu yake ndogo iliyokuwa mwanzo wa hadithi, akaandika namba, akatabasamu kama mwanzo, akasema nenda, basi linaondoka, utanilipa ukirudi.

Mdogo wangu unayeondoka mwezi wa tisa, tafuta pepa ya Gaokao ya mwaka wowote, iprinti, zima simu, weka masaa mawili. Nitumie maksi zako, hata zikiwa ndogo. Hiyo ya kwangu ya 60.5 ninayo bado, na wino wake mwekundu, nikiipiga picha nitakutumia.