Maswali na majibu: Nyumba ya "Malkia Anne" iliyojengwa 1881

SWALI: Msanifu, salaam sana. Mimi ni mwashi, mzaliwa wa Mombasa, sasa nafanya kazi London magharibi. Tumepata kazi ya kutengeneza ukuta wa mbele wa nyumba moja ya matofali mekundu mtaa wa Bedford Park. Mwenye nyumba anasema ni nyumba ya Malkia Anne na imechorwa na Norman Shaw mwenyewe. Hati zake zinasema 1881, na Malkia Anne najua alikufa zamani mno. Msimamizi wangu anataka tuchimbe viungo vya matofali kwa mashine tujaze saruji, manispaa wamekataa. Nani mkweli hapa? Na mbona mtaa wa nyumba za kawaida unalindwa kama ngome? Nimeshangaa pia kwamba nyumba hizi hazina vyumba chini ya ardhi kama nyumba nyingine za London za umri huo. Na uzio wa mbele umeoza. Naweza kuweka wa chuma?

JIBU: Wa alaikum salaam, fundi. Tuanze na tarehe, maana ndiyo itakayokuonyesha nani alichora nyumba hiyo.

Malkia Anne alitawala 1702 hadi 1714. Hakuna nyumba ya Bedford Park yenye umri huo. "Malkia Anne" ni jina la mtindo uliozuka Uingereza miaka ya 1870, wakati wasanifu vijana walipochoka na minara ya Kigothi na nguzo za Kigiriki. Walirudi kutazama nyumba za matofali za karne ya 17 na ya 18, za Kiingereza na za Kiholanzi, wakachukua walichokipenda: tofali jekundu, madirisha ya kupandisha na kushusha yenye vioo vidogovidogo na mbao zilizopakwa rangi nyeupe, vigae vilivyotundikwa ukutani, vilele vya kuta vilivyokatwa kwa mapindo, dohani ndefu zenye mifuo, na maua ya alizeti yaliyochongwa kwenye tofali. Hawakuwa wanaiga jengo fulani. Mjenzi wa karne ya 18 angeshangaa kuona vipande vya nyumba kumi vimekutana kwenye ukuta mmoja.

Tazama vile vioo vidogo, kwa mfano. Kodi ya kioo ilifutwa 1845 na ya madirisha 1851. Kufikia 1881 kioo kipana kilipatikana kwa bei ya kawaida, na nyumba nyingi za London zilikuwa nacho. Basi vipande vidogo vya dirisha lako viliwekwa kwa makusudi, ili nyumba ionekane imekaa hapo miaka mia mbili. Ukimshauri mwenye nyumba aweke kioo kimoja kikubwa kwa sababu "ni cha kisasa zaidi", utakuwa unaondoa kitu kilicholipiwa zaidi ili kiwe vile kilivyo.

Sasa mchoraji. Mtaa huu ulianzishwa 1875 na Jonathan Carr, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa nguo. Alinunua ekari 24 kuzunguka Bedford House, nyumba ya kale iliyohusiana na baba mkwe wake, mhandisi Hamilton Fulton. Kabla ya hapo aliwahi kukaa humo John Lindley, mtaalamu mkubwa wa mimea, na bustani ilikuwa na miti mizuri iliyokomaa. Jirani kulikuwa na stesheni ya Turnham Green, iliyofunguliwa 1869, inayomfikisha mtu katikati ya jiji bila taabu. Ardhi, miti na reli: hapo ndipo hesabu ya Carr ilipoanzia. Alikuwa anafanya biashara, tena ya kukopa. Wanaosimulia Bedford Park kama ndoto ya wasanii wanasahau kwamba msanii alikuja baadaye, akiwa mpangaji.

Mchoraji wa kwanza alikuwa E. W. Godwin, na baada yake kidogo ofisi ya Coe na Robinson. Nyumba za Godwin zilipotoka kwenye jarida la wajenzi zilishambuliwa: ngazi zimebana, vyumba vya ndani havikupangwa vizuri. Mwaka 1877 Carr akamgeukia Richard Norman Shaw, aliyekuwa na jina kubwa tayari kwa nyumba za matajiri. Shaw alichora mifano michache: nyumba za peke yake, nyumba pacha, nyumba za safu. Kazi yake ilikuwa kuchora. Hakuwa akisimama kwenye kila msingi na timazi mkononi. Wajenzi wa Carr waliichukua mifano hiyo, wakaigeuza kulia kushoto, wakabadilisha kilele hapa, wakaongeza kibaraza cha mbao pale, wakaipanda mtaa baada ya mtaa. Kufikia 1880 Shaw alikuwa ameondoka, na nafasi yake ikashikwa na E. J. May, kijana aliyefundishwa ofisini kwake. Wengine pia walichora, akiwemo Maurice B. Adams, mhariri wa jarida la wajenzi, ambaye mwenyewe alihamia mtaani.

Kwa nyumba ya 1881, basi, jibu la tahadhari ni hili: inawezekana kabisa kwamba imefuata mfano wa Shaw, lakini haielekei kwamba Shaw aliigusa. May, au mjenzi aliyekuwa na karatasi ya Shaw mfukoni, ana nafasi kubwa zaidi. Mwenye nyumba akitaka kuhakikisha, aende maktaba ya Chiswick akaangalie kumbukumbu za mtaa, na alinganishe nyumba yake na za barabara ya jirani. Akikuta nyumba nyingine yenye mpango uleule wa ndani lakini sura tofauti, ameshaelewa mtaa mzima. Mimi naona huo ndio ufundi mkubwa wa Bedford Park, kuliko nyumba yoyote moja. Mtu anatembea kwenye barabara yenye mifano minne au mitano tu, naye anaapa kwamba hakuna nyumba mbili zinazofanana. Barabara zinapinda kuikwepa miti ya zamani, jicho halifiki mwisho wa safu, na kila nyumba unaionea pembeni nyuma ya majani kabla hujaiona usoni. Carr aliuza utofauti kwa bei ya kurudiarudia.

Hilo ndilo linalojibu swali la ulinzi. Kitongoji cha kawaida cha London cha wakati ule kilikatwa kwa rula: safu ndefu ya tofali la kijivu au la njano, plasta mbele, ngazi za kupandia mlangoni, watumishi chini ya ardhi, miti yote imekatwa kabla ya msingi kuchimbwa. Carr aliacha miti, akaipa kila nyumba bustani. Tena akajenga mahali pa watu kukutania: klabu, kanisa la St Michael and All Angels la Shaw (1879 hadi 1880), baa ya Tabard ya 1880 yenye vigae vya mfinyanzi William De Morgan ndani, maduka ubavuni mwake, na shule ya sanaa. Kitongoji cha watu wa kipato cha kati, kimebuniwa kizima na kina bustani: ndiyo maana wanahistoria wengi wanakiita kitongoji cha bustani cha kwanza. Usikichanganye na mji wa bustani wa Ebenezer Howard. Howard alitoa wazo lake 1898, na Letchworth ikaanza 1903. Yeye alitaka mji kamili wenye viwanda na mashamba yake. Bedford Park haikuwahi kuwa na kiwanda. Mume alipanda treni asubuhi, akarudi jioni. Mrithi wake wa karibu zaidi ni Hampstead Garden Suburb ya 1907. Mjerumani Hermann Muthesius, aliyekaa London kuzichunguza nyumba za Waingereza, aliipa Bedford Park nafasi ya juu katika historia ya nyumba ndogo ya kisasa, na maoni yake yalisomwa sana Ulaya.

Fedha hazikumwendea vizuri Carr. Aliigeuza shughuli kuwa kampuni 1881, mwaka wa nyumba yako, na 1886 ikafilisika. Viwanja vilivyobaki vilijengwa na wengine kwa mitindo mingine. Ukipita barabara ya South Parade utaona nyumba nyeupe nyembamba kama mnara, ya msanifu C. F. A. Voysey, 1891, inayoonekana kama imewakasirikia majirani zake wekundu. Karne ya 20 ikaja na dharau. Hata Tower House, ambayo Shaw alimchorea Carr mwenyewe, ilibomolewa miaka ya 1930 kupisha jengo la fleti. Wakazi walipoona kubomoa kunaendelea waliunda chama chao 1963, na 1967 nyumba 356 zikaorodheshwa kwa mkupuo mmoja kuwa majengo ya kulindwa. Lilikuwa jambo geni kwa nyumba za watu wa kawaida za enzi ya Victoria, ambazo wakati huo wengi waliziona takataka.

Kuhusu vyumba vya chini ya ardhi: kutokuwapo kwake ni mojawapo ya mambo mapya ya mtaa. Jiko lilipandishwa juu, usawa wa bustani. Kuchimba ni gharama, na Carr alihitaji nyumba za bei ya kati. Afya nayo ilikuwa gumzo la miaka ile. Sheria kubwa ya afya ya umma ilipita 1875, mwaka uleule mtaa unaanza, na matangazo ya Bedford Park yalijisifu kwa udongo wa changarawe usiotuamisha maji, bafu lenye maji moto kwa kila nyumba, na vifo vichache kuliko kwingine. Matangazo ni matangazo, lakini bafu zilikuwepo kweli.

Sasa saruji. Hapa namuunga mkono mtu wa manispaa, na ningependa msimamizi wako asome sehemu hii polepole. Wewe umetoka Mombasa. Umeona nyumba za matumbawe za Mji wa Kale zilizopigwa plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa: unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma, halafu vipande vinabanduka vikiwa vikubwa. Ukuta wa Bedford Park uko vilevile. Tofali jekundu ni laini na linanyonya maji. Liliwekwa kwa mota (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) ya chokaa iliyo laini kuliko tofali lenyewe. Maji yanaingia mvua ikinyesha, kisha yanatoka hasa kupitia viungo. Ukijaza saruji umekifunga kiungo kuwa kigumu kuliko tofali, na maji yanalazimika kutokea usoni mwa tofali. Ongeza baridi ya London: maji yaliyonaswa yanaganda, yanatanuka, na uso wa tofali unaruka. Baada ya majira machache ya baridi unabaki na viungo vimesimama kama fremu na matofali yamelika ndani. Saruji unaweza kuitoa, lakini tofali lililopasuka uso halirudi.

Mashine ya kukatia uiweke kando kabisa. Juu ya madirisha ya nyumba hizo mara nyingi kuna matao bapa ya matofali ya kusugua: tofali laini lilikatwa, likasuguliwa juu ya jiwe hadi likae kwa kipimo, kisha likawekwa kwa chokaa laini, nyepesi kama maziwa, kiungo kikiwa milimita moja au mbili tu. Diski ya mashine ni nene kuliko kiungo hicho. Pita moja tu, na tao limeharibika. Kama kiungo hicho kimeshikana, usikiguse hata kidogo. Kiungo cha zamani kilicho imara ni bora kuliko kipya.

Kwenye ukuta wa kawaida, toa kwa patasi na nyundo tu mahali palipolegea, kina cha takriban mara mbili ya upana wa kiungo. Peleka kipande cha mota ya zamani kichunguzwe ili mchanga ulingane rangi na ukubwa wa punje. Mchanga ndio unaoleta rangi ya kiungo, kuliko chokaa. Tumia chokaa ya haidroliki (inayoganda hata penye maji) ya daraja la chini, au chokaa iliyolowekwa kama hali ya ukuta inaruhusu. Lowesha ukuta kwanza. Usifanye kazi hii joto likiwa chini ya nyuzi 5, na funika kwa gunia lenye unyevunyevu chokaa isikauke haraka. Jaribu kipande cha mita moja mahali pasipoonekana, msubiri mtu wa manispaa akione, ndipo uendelee. Na asikuambie mtu upulizie mchanga ukuta "ung'ae": utaondoa ngozi ya tofali iliyochomwa, na chini yake ni sponji.

Kabla ya yote, hakikisha nyumba iko manispaa ipi, kwa sababu mpaka wa Ealing na Hounslow unakata mtaa huu. Kama imo kwenye orodha ya 1967, kufanya mabadiliko bila kibali ni kosa la jinai Uingereza, na anayeshtakiwa anaweza kuwa mwenye nyumba au fundi aliyeshika patasi. Omba kibali kionekane kwa maandishi kabla jukwaa halijasimama.

Uzio wa chuma, hapana. Uzio wa mbao ni sehemu ya mtaa tangu mwanzo. Chuma ndicho kilichokuwa mbele ya zile safu za kijivu ambazo wapangaji wa Carr walikuwa wanazikimbia. Pima zile mbao zilizooza kabla hujazitupa: upana, nafasi kati ya moja na nyingine, umbo la ncha. Zikate mpya kwa kipimo hicho, na ukibakisha nguzo hata moja nzima ya zamani, iache.