Mvuto, mvutano au graviti?

SWALI: Ninatafsiri makala za sayansi, na wahariri wangu hawaelewani juu ya neno la Kiingereza "gravity", ile nguvu inayofanya vitu vianguke. Mmoja anataka "mvuto", mwingine "mvutano", wa tatu anasema tuandike "graviti" yaishe. Lipi ni sahihi?

JIBU: Yote matatu ni Kiswahili, lakini hayasemi jambo lilelile. Kwa matumizi ya kawaida ningechagua mvutano, kwa sababu ya kiambishi kimoja kidogo: -an-.

Katika vuta, mmoja anavuta na mwingine anavutwa. Katika vutana, kila upande unavuta na kuvutwa. Hivyo ndivyo Isaac Newton alivyolieleza jambo hili mwaka 1687: kila kitu chenye masi (kiasi cha mata iliyomo ndani yake) huvutana na kila kingine, na umbali kati yao ukiongezeka mara mbili, kani, yaani nguvu ya kuvutana, hubaki robo. Jiwe linapoanguka, Dunia inalivuta, nalo linaivuta Dunia kwa kani ileile. Hatuioni Dunia ikisogea kulipokea kwa kuwa masi yake ni kubwa mno. Anayeandika "mvuto" tu ametupa nusu ya habari.

Na nusu hiyo si ya kupuuzwa. Tumezoea kusema Mwezi unaizunguka Dunia, kumbe Dunia na Mwezi vyote vinazunguka kitovu cha pamoja, kilicho kilomita 4,700 hivi kutoka katikati ya Dunia, yaani bado ndani ya Dunia yenyewe. (Hiyo "vinazunguka" si kosa la chapa: majina ya vitu ya ngeli tofauti yakiunganishwa, vi- ndiyo kimbilio.) Nyota nayo huyumba kidogo kwa kuvutwa na sayari zake. Mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza kuwepo kwa sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi. Sayari yenyewe hawakuiona. Waliufuatilia myumbo wa nyota yake.

"Mvuto" lina kazi yake pale unapoutazama upande mmoja. "Mvuto wa Mwezi huinua maji ya bahari" ni sentensi safi, na mvuto wa Jua ukijipanga katika mstari mmoja na wa Mwezi, tunapata bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida. Vilevile, mvuto kwenye uso wa Mwezi ni takriban sudusi ya ule wa Dunia. Hapo "mvutano" lingemkanganya msomaji. Tena neno hilo hutumika kila siku kwa ugomvi wa vyama na nchi, kwa hiyo linapotajwa mara ya kwanza andika "kani ya mvutano".

Graviti mimi sina ugomvi nayo. Katika nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1915 hakuna anayemvuta mwenzake: masi na nishati hupinda anga na wakati, na vitu hufuata mpindo huo. Ukiandika juu ya nadharia hiyo, au juu ya mawimbi ya graviti yaliyonaswa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, afadhali neno lisilo na "vuta" ndani yake.

Ila mhariri wako wa tatu asije akaruhusu "angani hakuna graviti". Kilomita 400 juu, kinapopita Kituo cha Kimataifa cha Anga, bado ipo kwa karibu asilimia 90 ya ile tuliyo nayo ardhini. Wanaanga wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja, muda wote, wakiizunguka Dunia.