Jibu kwa dada wa Area C, Dodoma: hilo lengo ni la nani?

Pole dada, nimekusoma. Una disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, kila Januari unajaza daftari malengo, ikifika Machi umeyaacha, na sasa nyumbani wanataka urudi chuo ilhali moyo wako uko kwenye kushona. Ningeanza hapo: chuo umekitaka wewe au shangazi? Lengo la kuazima huchosha hata asiye na disleksia.

Daftari weka kando. Jirekodi kwenye simu, kwa ufupi: "Kufikia Idi nimemaliza gauni la mteja, nimelipwa." Kisha lengo hilo ligawe hatua ndogo: leo kitambaa soko la Majengo, kesho kukata. Cha leo kibandike juu ya cherehani. Mchoro unatosha, maneno si lazima. Tafuta na mtu wa kukuuliza kila Jumamosi umefikia wapi, ila asiwe wa kukusimanga.

Kuhusu kuhisi una ADHD pia, yaani tatizo la kutotulia na kushindwa kuzingatia jambo, usijipime kwa video za TikTok. Dalili zake huanza utotoni, kabla ya miaka 12, na kukosa usingizi au msongo huweza kufanana nazo. Nenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapo Dodoma, ukaonane na daktari, watu waseme watakavyo. Vidonge vya ADHD vya rafiki usiguse, hasa kama una presha.