Kuhusu kuweka fedha zote za pensheni kwenye hatifungani

Ndugu, umeuliza kwa nini wadhamini wa mfuko wenu hapa Kenya wasiweke fedha zote katika hatifungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huchukua na kuilipia riba, ilhali zinalipa vizuri. Kanuni za RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni Kenya, zenyewe haziruhusu: ukomo wa hatifungani hizo ni asilimia 90 ya mali ya mfuko, na wa mali isiyohamishika, kama majengo, ni asilimia 30. Lakini sababu nzito zaidi ni kwamba riba ya hatifungani ya kawaida haibadiliki, kwa hiyo mwanachama mwenye umri wa miaka 28, atakayestaafu baada ya miongo mitatu, anahitaji pia hisa zinazoweza kukua kuliko mfumuko wa bei. Majengo nayo, ambayo wadhamini wengi huyapenda kwa sababu yanaonekana kwa macho, hayauziki haraka wastaafu wanapodai mafao yao.